Majani Yenye Matundu

S.L.P. ile ile,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa kaka,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, maana mara ya mwisho uliulalamikia mgongo kurasa mbili nzima. Wifi hajambo? Watoto je? Sisi huku tu wazima, ila jogoo amekufa, na shemeji yako amemlilia kuliko alivyomlilia mjomba wake.

Barua yako niliipata. Nimesoma kwamba umempata mtu wa kununua shamba alilotuachia mama, anataka kujenga gereji, na kwamba unangoja neno langu kabla mwezi haujaisha. Sikunyamaza kwa kiburi. Kuna jambo nilikuwa nalifuatilia, na Alhamisi nimepata pa kushika.

Unajua binti yangu ni keshia katika lile duka kubwa la vyakula visivyopigwa dawa. Mwaka mzima ananiambia mama mnunuzi wa pale hupokea wakulima kila Alhamisi, nami namwambia aniache. Safari hii nilikwenda. Jumatano nzima nilichagua mboga za shamba letu. Kila jani lililotobolewa na wadudu nililitupa kando. Nyanya nikaziosha, mabiringanya nikayapaka mafuta kidogo mpaka yakang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Kaka, lile si duka. Mlango ulifunguka wenyewe, nikasema ahsante, kumbe hakuna mtu. Ndani kuna ubaridi wa alfajiri na muziki laini, sijui wanawapigia wateja au kabichi. Mboga zimepangwa kwenye makreti ya mbao, na kila baada ya dakika chache mvua ndogo inazinyeshea. Mvua kabisa, juu ya mboga tu, sakafu kavu! Nilisimama mpaka ikanyesha mara tatu, macho yamenitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Sisi tunaiomba miezi, wao wanaifungulia.

Na wateja wake je? Hakuna hata mmoja anayeomba kupunguziwa. Bwana mmoja wa suti aliinua karoti yenye udongo, udongo wa kweli, akainusa amefumba macho, nikadhani anasali. Mama mwingine, amebeba kijibwa ndani ya mkoba, alimwuliza mhudumu kitunguu kile kimelimwa na nani. Akajibiwa, maana juu ya kila kreti kuna kibao chenye jina la shamba. Alikisoma polepole mpaka mwisho. Miaka yote tuliyouza sokoni, nani aliwahi kuuliza?

Mama mnunuzi ni mwembamba, miwani imening'inia kifuani, na hacheki ovyo. Alichukua biringanya, akaligeuzageuza, akaniuliza napiga dawa gani. Nikamwambia natumia majivu, na wadudu nawatoa kwa vidole kila asubuhi. Akasema kwa upole kwamba mboga isiyo na doa hata moja humtia shaka, akaanza kunirudishia. Kizuri chajiuza, wanasema. Changu kilitaka kunifukuzisha. Nilitamani ardhi inimeze. Nilishaiona gereji ya watu, na mafuta machafu yakimwagika kwenye matuta ya mama.

Nikawa natoa nyanya moja moja ili nipange kikapu upya, ndipo akayaona majani niliyoyatandika chini zisipondeke. Mchicha wenye matundu na udongo wake, na kiwavi mmoja yuko hai, anaendelea kula.

"Na haya?"

"Hayo ni ya kutandika tu. Nitawarudishia kuku."

Akavaa miwani. Alimtazama yule kiwavi kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi, kisha akacheka. "Mama, haya ndiyo ninayoyatafuta. Kungekuwa na dawa, huyu angekuwa ameshakufa."

Atakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi kukagua shamba. Akiridhika, tutampelekea mboga kila wiki. Sijasema nimeshinda, bado kukaguliwa.

Halafu akafungua daftari, akaniuliza jina la shamba ili aagize kibao. Kaka, halina jina. Tangu tukiwa wadogo tunaliita shamba tu. Nikajikuta nimetaja jina la mama. Akaliandika, akanigeuzia daftari nione kama amepatia herufi.

Nisalimie wifi, na watoto wote mpaka yule asiyependa kusalimiwa. Shemeji yako na mpwa wako wanakusalimu sana. Mungu akulinde na aunyooshe huo mgongo.

Hati ina majina yetu wawili, bila wewe sina kauli. Neno langu unalolingoja ni hili: mimi siuzi. Lako liandike kabla ya Jumamosi hiyo, nijue kama nimngoje mgeni, au nimwendee mwenyewe nikamwambie alifute jina la mama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kitinda mimba.