Kosa Tulilopatana

Pyongyang, Novemba

Dada yangu Myong-hui,

Barua hii anakuletea dereva wetu. Ukishasoma, itie motoni. Mama kikohozi kimempungua, na kabichi za baridi tumeshazitia chumvi.

Unamkumbuka Kum-ran, mwenzangu wa kuongoza watalii? Wiki jana mtalii mmoja alifungia viatu vyake vya matope ndani ya gazeti lenye picha ya Kiongozi. Kwa kosa kama hilo, mgeni hupanda ndege akaenda zake. Wanaoulizwa ni sisi. Kum-ran akalipangusa, akalificha ndani ya koti.

"Mdogo wangu, hatukuona kitu," akaniambia. "Jumamosi kwenye kikao cha kukosoana nitasema unachelewa asubuhi, nawe useme nacheka ovyo na wageni. Mdomo wangu huu nani haujui?"

Ndivyo tulivyopatana kila wiki, miaka sita.

Lakini Ijumaa nilimwona akitoka ofisini kwa mkuu. Nikajua keshanitangulia kunichongea. Jumamosi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, nikaeleza habari yote ya gazeti, mpaka koti.

Ikafika zamu yake. Akasimama, akanitazama, akasema, "Mwenzangu huchelewa asubuhi." Akakaa.

Kumbe kwa mkuu alikwenda kuomba makaa ya mawe.

Jumapili lori lilimchukua yeye na wanawe, na mablanketi yao. Nimepewa mwenzangu mpya. Bado hatujapatana lolote.

Siku hizi, Dada, kazini nafika kabla ya wote.

Mdogo wako,
Un-byol