Mtamba Wetu Hayupo Zizini

Dada Anna, shikamoo. Ukungu wa asubuhi hapa Tarime ni kama wa kwetu Njombe, ila moyo wangu haujatulia.

Leo nilikwenda kumwona yule mtamba tuliyemnunua kwa hela ya cherehani yako. Mzee Marwa anayetutunzia ndiye tajiri wa ng'ombe hapa, nami nilitegemea kukuta zizi limejaa. Nikakuta mbuzi na ndama wachache tu!

"Mzee, wameibwa?"

Akacheka, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mwalimu, ng'ombe wangu wako kwa marafiki, wengine Kerende, wengine Genkuru. Wao wanakunywa maziwa, mimi napata ndama. Wezi wakija huku, au ugonjwa ukiingia kule, siwezi kufilisika kwa siku moja. Mtamba wako yuko Genkuru."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu mwema."

Nilipoaga akanikabidhi kamba yenye ndama jike wake. "Huyu kaa naye wewe. Sasa na wewe ni rafiki." Ningemkataa ningevunja urafiki, na mtamba wetu je, tungempataje?

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa mlangoni, ndama kafungwa hapa kando, na kichaka kikitikisika tu natoka mbio na fimbo. Kumbe mzee hakugawa ng'ombe peke yao, na wasiwasi kaugawa.

Wabusu watoto. Ukisali, mtaje na huyo mtu wa Genkuru. Naamini naye yuko nje na fimbo.

Mdogo wako,
Neema