Kuku Iliyoandikwa mu Kaye

Mujukulu wangu Mireille,

Jambo sana toka Kikula. Tuko bien, wazima wote. Mama yako mudogo anauzisha ndagala sokoni, sauti yake inashinda kwaya nzima.

Umeniuliza sababu gani vijana munaofuata mu uchunguzi wenu, myaka na myaka, wanajibu tu "niko bien" mukiwauliza habari ya roho yao. Nimecheka, maana minye pia nilijibu vile.

Nilikuwa na myaka kumi na tano. Kila mwaka dada mumoja wa uchunguzi kama weye alikuya na kaye, daftari yake, kwetu siye babinti wa avenue, njia yetu. "Uko na mawazo?" Tunaitika pamoja: "Hapana!" Yeye alitafuta mahangaiko, lakini kwetu, binti akisema iko na mawazo, mama yake anaanza kuuliza ni kijana gani.

Mwaka wa pili nikamuonea huruma, nikamuambia kuku yangu mweupe imepotea, apate hata kitu cha kuandika. Akaandika. Wenzangu walicheka mupaka machozi.

Mwaka wa tatu ule dada hata kaye hakufungua, akaniuliza: "Ile kuku mweupe ilirudia?"

Ee mama! Kumbe muntu alichunga kuku yangu mu kichwa mwaka muzima. Nikakaa chini, nikamuambia yote yaliyonilemea, na kuku haikuwa ndani hata kidogo.

Sasa weye, mwisho wa barua yako umeandika "minye niko bien". Ku Noeli uliniambia viatu vyako vipya vinakubana. Vimelegea?

Kambo wako