Bomba Lililopita Chini ya Kiti Changu

Mpendwa Baba Wanjiku,

Leo asubuhi binti yako alikuja nyumbani Gatongora kunichukua na gari lake. Alipowasha, nikausikia ule mvumo mdogo wa pampu ya petroli kabla enjini haijashika. Yeye hata hausikii. Aliponiona nimefumba macho akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nakuwaza wewe.

Unaikumbuka pikapu yetu ya miaka ile ya tisini, iliyokuwa ikikohoa Julai nzima kwa baridi? Kabureta ilikuwa imechoka, na enjini yenyewe ilikunywa oili kama chai. Ukatafuta enjini iliyotumika kutoka Japani, ya injection, isiyotumia kabureta, ukaipachika kwa mikono yako garajini kwako Ruiru. Mafundi wenzako walichungulia wakitafuta kabureta, wasiione. Ukanieleza kwamba pampu ya umeme inaisukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye nozeli, inanyunyizwa laini kama mvuke, na inayobaki inarudi kwenye tangi. Nilisimama pale na tumbo langu la miezi tisa, nikistaajabu kuwa petroli inaweza kwenda na kurudi. Ulipowasha ikashika papo hapo, baridi ile yote, bila choki. Nawe ukajishika kiuno kama chifu.

"Si imeisha sasa?" nikakuambia. "Funga boneti twende nyumbani."

Lakini ulikuwa umesikia harufu. Chini ya gari ulikuwa umeacha mpira wa zamani wa petroli, viungo vyake vimefungwa kwa blada, zile kanda za tyubu kuukuu ambazo Ruiru nzima tulifungia kila kitu, kuanzia mzigo wa baiskeli hadi mguu wa meza. Wakati wa kabureta, blada ilitutosha miaka. Ukazungushia kila kiungo karatasi ya tishu, ukawasha pampu peke yake, tukangoja. Karatasi iliyokuwa chini ya kiti changu ikalowa. Ukainusa, ukaitupa. Kisha ukang'oa mpira wote, kutoka kwenye tangi hadi kwenye enjini.

Uchungu ulinianza kesho yake mchana, nilipokuletea chakula, nawe ungali chini ya gari unafunga bomba jipya la chuma. Magari mengine yote pale yalikuwa yamewekwa juu ya mawe, hata moja halikuweza kunifikisha hospitali ya Thika. Njoroge, fundi mwenzako, alikuwa na dawa yake ya siku zote.

"Rudisha mpira ile ya zamani, kaza na blada. Thika ni hapa tu, bana."

"Hiyo ilikuwa ya kabureta. Hii pampu itaipasua," ukamjibu, bila kupandisha sauti.

"Na mimi je, nizalie hapa kwa tairi?" nikauliza, maana ndipo nilipokuwa nimekaa.

"Kaa hapo kidogo, mama. Hii bomba inapita chini ya kiti yako," ukanijibu.

Nilikuchukia, sikufichi. Nilikutukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Wewe ukaendelea kukaza, mpira mnene huku, klipu ya chuma kule, bomba la kwenda na bomba la kurudi, mbali na joto la ekzosi, lile bomba la moshi. Ukazungushia tishu tena, ukawasha pampu. Halafu ukaniletea zile karatasi mahali nilipokaa, ukanipitishia moja moja vidoleni, zote kavu. Ulipomaliza ya mwisho, ukaanza tena na ya kwanza. Mikono iliyoinua enjini kwa mnyororo bila kusita, siku ile haikuamini karatasi kavu. Hapo matusi yaliniisha.

Tulifika hospitali ya Thika vizuri, na Wanjiku akazaliwa kabla giza halijaingia.

Tangu tukuzike, wanawake wa kanisani huja kukaa nami jioni, na mara nyingine wananiuliza kama ulikuwa mtu wa maneno matamu. Nacheka. Hukuwahi hata mara moja kuniambia unanipenda, nami sikukuuliza. Kila mtu pale garajini alikuona fundi mwenye shingo ngumu, anayechelewesha mke mwenye uchungu kwa sababu ya bomba. Mimi niliona mwanamume mzima akiogopa kunipoteza. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho.

Pumzika, mpenzi. Mimi bado nipo nipo tu.

Mkeo,
Mama Wanjiku