Baiskeli Yako ya Kikapu

Mke wangu Mama Neema,

Baridi imeingia. Ile uliyokuwa unaicheka. Asubuhi jua linawaka, kweupe kabisa, lakini ukitoka nje upepo unakukata masikio. Kiwalani nzima wamevaa masweta. Mama wa maandazi pale kona kajifunga kitenge mpaka puani. Mie nina koti na kofia ya sufu. Ungekuwepo ungeshaniuliza, "Baba Neema, unaenda Ulaya?"

Nakuandikia kwa sababu ya baiskeli yako. Kuna jambo limetokea, nitalisema. Ila naanza na shukrani, maana jambo lenyewe limetoka humo.

Watu wengi hawajui kwamba mie baiskeli nimejifunza ukubwani. Na aliyenifundisha ni mke wangu. Kwetu Masasi nilitembea kwa miguu. Nilipofika mjini nikashika mkokoteni, Keko. Natoa mbao zinakochanwa napeleka kwa mafundi, natoa vitanda na makabati kwa mafundi napeleka barabarani kwa wateja. Baiskeli niliziona za wenzangu tu.

Wewe ukanunua ile ya mtumba, ya kijani, ina kikapu mbele. Ya kupelekea mafundi chapati. Jumapili moja ukanikuta nimeegemea ukuta nje ya chumba chetu, ukasema, "Wewe Jumapili unakaa tu hapo kama ngazi. Twende tukazunguke."

Nikakuambia sijui kuendesha.

"Hujui kidogo au hujui kabisa?"

"Kabisa."

Hukucheka. Ulisema tu, "Basi twende uwanjani."

Uwanjani ndo palikuwa na kasheshe. Mkokoteni hauna breki, Mama Neema. Ukitaka usimame unakita visigino chini, unalala nyuma na mwili wote, unavuta. Mie hicho ndo nilichokuwa nakijua. Sasa kwenye baiskeli kila nikishikwa na woga, visigino chini, usukani navuta kifuani. Tairi la mbele linanyanyuka kama mbuzi anataka kupiga pembe. Breki zipo hapo mkononi, wala sizikumbuki. Kandambili zikakatika zote mbili.

Na Chogo alikuwepo, yule tunayesukuma naye mkokoteni. Amekaa kwenye tofali anakula miwa. Akapiga kelele, "Shemeji, huyo mpakie mbao mgongoni ndo atatulia!"

Ukamjibu bila kugeuka, "Njoo upande wewe, tukuone."

Akatafuna muwa wake. Mpaka leo hajui kuendesha.

Ukashika kiti kwa nyuma. Ukaniambia, "Usitazame tairi. Tazama unakokwenda." Kweli nilikuwa natazama tairi. Nikainua macho, nikatazama lile goli la miti. Nikaenda. Sikujua umeniachia saa ngapi. Nikafika golini, nikapita katikati, nikaenda kuanguka kwenye mchanga upande wa pili. Chogo akaruka, "Gooo!"

Ulikuja unakimbia, unacheka mpaka umeshika mbavu. Mie nimelala chini nacheka. Mtu mzima, nina mvi kidevuni. Asante kwa siku ile.

Halafu nikapata yangu, ile nyeusi, nzito kama lango. Ndo zikaanza Jumapili za Pugu.

Mwaka mzima tuliendaga, lakini miezi hii ya baridi ndo ilikuwa yenyewe. Miezi ya joto unafika Ukonga shati limeshagandana na mgongo. Masika ni tope. Ila mwezi wa sita, wa saba, tunatoka kanisani tunaingia barabara ya Pugu, jua linakupiga mgongoni, baridi inakupiga kifuani. Unakanyaga pedeli hutoki jasho. Ndege zinashuka pale uwanja wa ndege, wewe mbele na sketi yako umeibana kwa pini ya nguo. Wewe ndo ulikuwa macho yangu. "Shimo!" Nakwepa. "Bodaboda!" Nasogea. "Mbuzi!" Hata kama hakuna mbuzi. Ulikuwa unafanya makusudi nigutuke.

Kinamama wa kanisani walikuwa wanauliza. "Mnaenda Pugu kuna msiba?"

"Hapana."

"Mna shamba?"

"Hatuna. Tunaendesha tu."

"Tu?"

"Tu."

Walikuwa wanatazamana. Mtu na akili zake amekanyagishwa kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, halafu Jumapili anaenda kukanyaga tena. Mie mwenyewe sikuwa na maelezo. Nilichojua ni kwamba Jumatatu nikishika mkokoteni, mwili ulikuwa mwepesi.

Gongo la Mboto tunasimama kwa yule mama wa chai ya tangawizi. Mie natetemeka nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Wewe una blauzi ya mikono mifupi. Siku moja akakuuliza, "Dada, huyu mumeo anaumwa?"

"Haumwi. Ni mtu wa Masasi."

Halafu unaanza habari za kwenu Njombe. Kwamba huko mwezi wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe, ukikanyaga yanavunjika kama chapati kavu. Kwamba maji yanaganda kwenye ndoo. "Hii ya kwenu siyo baridi," ulisema. "Hiki ni kiyoyozi." Mama wa chai akacheka mpaka akamwaga sukari.

Ila ule mlima wa kuingia Pugu ulikuwa wangu. Miguu ya mkokoteni hiyo. Wewe unashuka, unasukuma, unahema. Mie napanda mpaka juu, naacha yangu, narudi kuchukua yako. Ulikuwa unanipa tu, hubishi. Pale juu kwenye miti tunakaa. Baridi yake nyingine, ina harufu ya majani. Unatoa machungwa kwenye kikapu, unamenya, unanipa nusu. Hatuongei sana. Mie siyo mtu wa maneno, na wewe pale juu ulikuwa unanyamaza pia. Nilipenda unavyonyamaza.

Ulipoanza kuumwa, ile ya kijani niliiingiza ndani. Ulipoondoka niliifunika kitenge chako. Tairi zikaisha upepo, nikaziacha. Yangu nikaitumia kwenda kazini na kurudi, basi. Baadaye hata kazini nikawa naenda kwa miguu. Jumapili nikarudi kukaa ukutani. Chogo alikuwa anakuja kukaa na mimi. Hasemi kitu. Chogo, anakaa hasemi kitu. Ndo ujue hali ilikuwaje.

Sasa mwezi huu kaja dada yako Esta.

Nilijua atakuja. Ile desturi yenu uliniambia mwenyewe, mwanamke akifa vitu vyake havikai kwa mume. Vinasubiri ndugu zake. Dada mkubwa ndo anakuja kukusanya, anaenda kugawa nyumbani, na kikibaki hata kimoja basi msiba haujaisha. Nimekaa navyo mwaka mzima nikisubiri. Hakuna shida. Nikampa vitenge vyote. Nikampa masufuria, viatu, ile redio ndogo. Anakunja, anapanga, ananiuliza hiki je, namwambia chukua.

Akafunua kile kitenge cha mwisho. Akaona kikapu.

"Na hii," akasema.

"Hiyo hapana."

"Shemeji, si ya mdogo wangu?"

"Ya kwake."

"Wewe si una yako ile nje?"

"Ninayo."

"Sasa?"

Nikasema, "Hiyo haiondoki humu."

Esta hapigi kelele. Mmetoka tumbo moja kweli. Akakaa kwenye kigoda, akasema taratibu, "Nikifika nyumbani wataniuliza. Nitasema shemeji kakatalia baiskeli. Watasema shemeji hataki ndugu yetu apumzike. Mimi nitajibu nini?"

Nikatoka nje. Nilijua ana haki. Nilijua na mama yako mkwe wangu atasikia, na ananiheshimu. Lakini Neema yuko kwa mumewe, na ile baiskeli ikitoka, Mama Neema, humo ndani ningebaki na nini chako? Ndo nilichokuwa nawaza. Kila kitu kingine nilikitoa kwa kuwa hiyo nilijua inabaki.

Kesho yake Jumapili. Jua kali, upepo wa baridi. Natoka nje nimejifunga koti mpaka shingoni, namkuta Esta uani, mikono wazi bila sweta, ameazima pampu kwa jirani. Baiskeli yako imefutwa inang'aa. Anajaza upepo.

"Shemeji, shikamoo," nikamwambia. Nilidhani anaondoka nayo.

"Marahaba. Vaa viatu. Nipeleke Pugu."

"Pugu kufanya nini?"

"Mdogo wangu kila Jumapili jioni alinipigia simu. Pugu hivi, Pugu vile. Nikawa nadhani ni Yerusalemu. Nikiondoka nayo au nisiondoke nayo, hiyo Pugu nataka niione."

Nikavaa viatu.

Nilikuwa sijaendesha muda mrefu. Tumefika usawa wa uwanja wa ndege, nayumba kama siku ya kwanza. Malori yanapita, mie macho chini. Nikasikia nyuma yangu:

"Shemeji! Usitazame tairi! Tazama unakokwenda!"

Nikakita visigino. Nikasimama pembeni ya barabara, na yeye akasimama.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Maneno gani?"

"Ya tairi."

"Ya kwangu. Si ndo nilivyomfundisha mdogo wangu?"

Akanisimulia pale pale, tumeshika baiskeli, vumbi linatupiga. Kwamba baba yenu alikuwa na baiskeli ya kupelekea mahindi mashineni, na watoto wa kike marufuku kuigusa. Kwamba akiingia kwenye kikao cha wazee wa kanisa, Esta anaiiba, anakuja kukuchukua. Wewe mdogo, hufiki kwenye kiti, unapitisha mguu chini ya lile bomba la katikati. Yeye anashika nyuma anakimbia. Na wewe ulikuwa unatazama tairi. "Kama wewe hivi hivi," akasema. "Alimgonga mchungaji."

Mama Neema, wewe uliniambia ulijifunza mwenyewe. Nimeishi na uongo huo ndoa nzima! Nikacheka. Mara ya kwanza tangu uondoke, nikacheka kwa sauti barabarani, watu wanageuka. Esta naye akacheka. Anacheka kwa kushika mbavu.

Tukaenda. Ule mlima niliojivunia, Esta kaupanda bila kushuka. Mwanamke ana wajukuu. Kaniacha nyuma nahema. Nimefika juu nakuta ameshakaa kwenye gogo.

"Ndo hapa?"

"Ndo hapa."

"Kamlima haka?"

Nikasema ndo hako.

Akatazama miti, akatazama chini tulikotoka. Halafu akajifuta macho na upande wa kitenge. "Kwenye simu alikuwa na raha," akasema. "Sisi kule tulikuwa tunaogopa. Kaolewa na msukuma mkokoteni, mjini, ataishije. Akawa anapiga simu ana raha. Mimi nilikuwa namwambia mama, yule ana raha. Asante, shemeji."

Hakuna mtu amewahi kuniambia kitu kama hicho. Kwenye msiba wote walinipa pole. Huyu kanipa asante. Sikujua niweke wapi mikono.

Nikamwambia, "Baiskeli chukua."

"Usiseme kwa sababu nalia."

"Siyo hivyo. Kuendesha kwangu kumetoka kwake, na kwake kumetoka kwako. Chukua."

Stendi niliifungasha mwenyewe. Nilitoa tairi la mbele, nikazungushia maboksi, nikaibana na kamba kama ninavyobana kabati la kioo. Utingo akaniambia, "Mzee, hiyo baiskeli au mgonjwa?" Nikamwambia iweke vizuri, mengine hayakuhusu. Esta akanipungia kupitia dirishani mpaka basi lilipokata kona.

Kapiga simu. Kafika. Mama yako kasema desturi imekamilika na ananisalimia. Esta anaenda kanisani kwa baiskeli, kikapu kinabeba biblia na viazi. Anasema majani asubuhi ni meupe kweli.

Nilikuwa naogopa, nakuambia ukweli. Nilidhani chumba kikiwa kitupu utakuwa umeondoka mara ya pili. Siyo ilivyo. Jumapili iliyopita nilikwenda Pugu peke yangu. Mama wa chai wa Gongo la Mboto akaniuliza uko wapi. Hakuwa amesikia. Nikamwambia. Akakaa chini na birika mkononi, wateja wanangoja, tukaongea habari zako mpaka chai ikapoa. Anakukumbuka vizuri kuliko nilivyodhani. Akaniuliza ulikuwa mtu wa aina gani nyumbani. Nikamwambia yote hayo niliyokuandikia hapa, na mengine. Mie, Mama Neema. Nimeongea.

Pumzika, mke wangu. Huku mie niko sawa, na nakushukuru.

Ni mie mumeo,
Baba Neema