Anachosema Baba Mwaro

Jumapili, 1 Juni 2025
Baba Mwaro ametembea mwenyewe hadi kanisani — Mungu ni mwema! Mguu wa kushoto anauburura kidogo tu. Lakini katikati ya mahubiri mume wangu akapaza sauti: mchungaji anyamaze, watu wana njaa. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Huyu ndiye aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa kijiji kizima cha Sabaki bila kuinua sauti.

Jumanne, 10 Juni
Kliniki, Malindi. Nesi Phoebe anasema kiharusi kimeumiza sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kusema kila linalomjia. Si jeuri, ni ugonjwa. Nikauliza, atarudi kuwa yule yule? Tuwe na subira, akasema. Hakunitazama.

Jumamosi, 14 Juni
Matangani kwa jirani yetu Sanga, amefiwa na mama. Watu wanalia — Baba Mwaro anacheka! Kisha akamnyooshea Sanga kidole: wewe ndiye unayefuata, tazama shingo ilivyokonda. Nikaomba radhi, nikaeleza habari za kiharusi. Kanze, mke wa Sanga, akawavuta watoto wake nyuma.
Njiani nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa. "Kwani hajakonda?"

Jumatatu, 23 Juni
Sanga amefariki. Ameanguka shambani. Alikuwa akikohoa tangu mwaka jana, kila mtu alijua. Leo hakuna anayejua.

Jumatano, 25 Juni
Dukani salamu zangu hazikuitikiwa. Rafiki yangu Easter peke yake ndiye aliyekuja, tena kwa mlango wa nyuma. Vijana wamekutana, akaninong'oneza. Wanauliza mzee alijuaje. Akalitaja neno lenyewe: utsai. Uchawi. "Mama Mwaro, mwondoe hapa."
Mwanetu Mwaro atatoka Mariakani keshokutwa na gari, atuchukue. Nilipomwambia babake, akanirushia kikombe. Tangu anioe hajawahi kuniinulia hata kidole! Damu nimeifuta mwenyewe. Yeye akaendelea kula.

Ijumaa, 27 Juni
Mchana. Mwaro amepiga simu, yuko Kilifi. Nimefunga milango yote.
Vijana wamesimama barabarani. Wengine niliwabeba mgongoni. Hawapigi kelele — afadhali wangepiga! Katana, mdogo wake Sanga, akaita kwa adabu kabisa:
"Mzee, shikamoo."
"Marahaba!" Tayari yuko dirishani.
"Tuna swali moja tu. Ni wewe uliyemuua kaka?"
Nikamziba mume wangu mdomo kwa kiganja. Akaniuma.
"Ndiyo, ni mimi!" Kwa furaha, kama aliyetegua kitendawili. "Nani mwingine angeweza?"
Nikapiga kelele kwamba ni mgonjwa, hajui asemalo. Naye akanigeukia, akauliza mbona chai imechelewa.
Nimemwekea chai. Naandika ili Mwaro ajue. Simu ya Mwaro sasa haipatikani. Mume wangu anakoroga sukari, anaimba. Vijana wameshaingia uani.