Chapati ya Maskini

Kaka Gyu-sik,

Sisi wazima. Kabichi za Mama zimestawi, na zina adabu kukushinda.

Kumbe sasa unatamani bindaetteok, zile chapati za choroko ulizozicheka mbele ya wakwe zako! Mama kasaga choroko tangu alfajiri, nawe ukasimama na uprofesa wako: "Jina hili maana yake chapati ya maskini." Wakwe wakaweka vijiti vyao vya kulia chini. Mama akazima jiko, akawaomba radhi.

Hukuwaambia kwamba wengine husema maana yake ni chapati ya kupokelea wageni. Mama anashika hiyo. Nilipomsomea barua yako alisema, "Mwambie aje, nitampikia. Ila apige hodi, asubiri mlangoni kama wageni wenzake."

Mimi, binti wa huyo maskini,
Hwa-yeong